Lebo ya Dagaa Kabla ya Nane Nane: Namna ya Kupanga Kazi ya Usanifu na Kuifikisha Mwisho

Ikifika katikati ya Juni, wabunifu wa michoro wa Mwanza huanza kupokea simu zinazofanana. Mjasiriamali ana bidhaa, ana meza aliyoahidiwa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Nyamhongolo, na anataka lebo "nzuri, ya haraka, na usiniumize bei". Mwongozo huu ni wa kijana mwenye kompyuta yake, anayeimudu CorelDRAW, Illustrator au Inkscape, aliyepokea simu ya namna hiyo na bado hajafungua programu yoyote. Vizuri. Usiifungue kwanza.

Mfano tutakaokwenda nao ni mmoja. Mama msindikaji wa Igombe ananunua dagaa wabichi, anawakausha kwenye vichanja, anawakaanga, anawafunga kwenye pakiti za gramu 200. Mpango tutakaoutumia unafaa pia kwa bango la saluni, fulana za kwaya au menyu ya mgahawa wa sato. Nimechagua dagaa kwa sababu kwenye dagaa ukikosea, mteja anaona.

Hatua ya kwanza: anza na siku ya mwisho, urudi nyuma

Nane Nane ni tarehe 8 Agosti, lakini maonyesho hufunguliwa tarehe 1. Kwa hiyo siku yako ya mwisho si 8. Si 1 pia, maana pakiti lazima ziwe zimefungwa na kubandikwa kabla ya hapo. Chukua kalenda na kalamu, hesabu kinyumenyume:

Tarehe 31 Julai, mzigo uko ndani ya maboksi.
Tarehe 26 hadi 30, kufunga na kubandika.
Tarehe 25, lebo ziko mkononi.
Tarehe 17 hadi 24, kazi iko kwa mchapaji. Wiki hizo mbili za mwisho za Julai kila mtu anachapa mabango na fulana, foleni ni ndefu na mashine huharibika.
Tarehe 16, mteja ameidhinisha sampuli kwa maandishi.
Tarehe 9 hadi 15, marekebisho.
Tarehe 2 hadi 8, kuchora kwenye kompyuta.
Tarehe 22 Juni hadi 1 Julai, mazungumzo, kutembelea masoko, michoro ya karatasi.

Ndani ya hesabu hiyo tenga siku mbili tatu za umeme kukatika na fundi kwenda msibani. Mteja akikupigia tarehe 10 Julai akitaka kila kitu, usimwambie "itawezekana". Mwambie kinachowezekana: stika ya rangi moja, jina na uzito vikisomeka vizuri, na lebo kamili baada ya maonyesho. Rangi moja iliyopangwa kwa akili inauza kuliko rangi sita zilizokimbizwa.

Kuna kalenda nyingine ambayo mbunifu aliyezoea wateja wa ofisini haifikirii: kalenda ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Fedha ya msindikaji hufuata mzunguko huohuo. Ukidai kianzio wakati mitumbwi imepandishwa mchangani utazungushwa, na si kwa ubaya. Muulize mama: giza linaanza lini? Panga kianzio kiingie baada ya mauzo ya giza, na salio lilipwe siku ya kukabidhi. Nusu kwa nusu ndiyo inayoeleweka na watu wengi. Na tenganisha kabisa malipo yako na gharama ya kuchapa. Ukizichanganya kuwa bei moja, karatasi ikipanda bei mfuko wako ndio utakaofidia.

Hatua ya pili: uliza maswali ya mnunuzi, si ya rangi

Mazungumzo ya kwanza wengi huyaharibu kwa kuuliza "unapenda rangi gani?" Mama atajibu bluu. Umepata nini? Jaribu njia hii:

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba, karibu. Nataka lebo iwe na ziwa na samaki, ing'ae."
"Sawa mama. Hebu niambie kwanza, mteja akifika pale mezani kwako anafanyaje?"
"Anachota kiganjani. Anawapepeta kidogo aone kama wana mchanga. Halafu anamvunja mmoja anatafuna, asije akanunua wachungu."
"Na wakiwa kwenye pakiti iliyofungwa?"
"Ataniamini tu, si wananijua?"
"Wa Igombe wanakujua. Yule wa Dodoma aliyekuja kutembea Nane Nane?"

Hapo kazi yako yote imeshatajwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kwenye meza ya sokoni ni kweli, kwa sababu mkono unagusa, pua inanusa, ulimi unaonja. Pakiti inavifungia nje vyote vitatu. Lebo ndiyo inayojibu badala yake, na isipojibu, mteja atanunua wa kupima kwenye sado wale anaoweza kuwachota.

Endelea kuuliza. Nani hasa ananunua: mama wa nyumbani, abiria wa basi la Dar pale stendi ya Nyegezi, mzazi anayemwandalia mtoto vitu vya bweni? Pakiti ngapi kwa mwezi? Zitauzwa wapi baada ya Nane Nane? Bei itakuwa karibu na ya nani? Na swali lisilopendwa: nani atasema "ndiyo" ya mwisho? Kama ni mama, sawa. Kama ni mama, mume wake, mtoto aliyeko chuoni na mwenyekiti wa kikundi, jua sasa hivi, si tarehe 15 Julai.

Rudi nyumbani uandike karatasi ya kazi, nusu ukurasa, isomwe na mteja na aikubali. Ya mfano wetu inaweza kuwa hivi:

"Lebo ya mbele na nyuma, pakiti ya gramu 200, dagaa wa kukaanga. Mnunuzi mkuu ni mzazi wa mwanafunzi wa bweni. Anachoogopa: mchanga na uchungu. Jambo kuu la kusema: wamekaushwa kwenye vichanja na kutolewa vichwa. Kuuzwa Nane Nane, kisha maduka ya Buzuruga na Nyakato. Lebo 500 kwa kuanzia. Anayeidhinisha: mama mwenyewe. Marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Lebo mkononi tarehe 25 Julai."

Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea baadaye mtu atakapotaka uongeze picha ya helikopta.

Hatua ya tatu: nenda ukaone mahali pakiti itakapokaa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko hata siku nzima ya kompyuta.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi. Sikiliza wanunuzi wanauliza nini kabla ya kutoa pesa. Utasikia "wa wapi hawa?" na "wana mchanga?" mara nyingi kuliko "bei gani?" Angalia wanavyowashika. Dagaa waliokaushwa chini, mchangani, hubeba mchanga hata wakipepetwa. Wale wa kichanjani hukauka wakiwa wameinuliwa kutoka ardhini, upepo ukipita juu na chini. Muuzaji mwenye dagaa wa kichanja hachoki kulitangaza hilo, na ana sababu.

Kisha nenda kwenye duka la kawaida na lingine la kujihudumia. Omba ruhusa, piga picha rafu zenye vyakula vya pakiti. Simama hatua mbili kutoka kwenye rafu, ujiulize unasoma nini. Utaona mambo ambayo kioo cha kompyuta hakikuonyeshi. Pakiti laini ikisimama, shingo yake hujikunja na sehemu ya juu ya lebo hupotea. Tumbo lake huvimba, kwa hiyo mistari ya pembeni huzunguka kwenda nyuma. Plastiki inayong'aa chini ya taa ya tyubu huchora mstari mweupe katikati ya maandishi. Mahali salama pa jina la bidhaa ni theluthi ya kati, si juu kabisa ambako mazoea yanakutuma uliweke.

Angalia pia majirani. Kama kila pakiti ya samaki ni ya bluu, yenye jua linalozama na samaki anayetabasamu, basi bluu yako itazama pamoja nao. Sisemi usitumie bluu. Nasema rafu ndiyo itakayoamua, na kwa maoni yangu bluu ya ziwa imeshachoka.

Hatua ya nne: kusanya ya lazima kabla ya ya kupendeza

Wabunifu wengi huchora uso mzuri, halafu siku ya mwisho mteja analeta maandishi yanayotakiwa kisheria, na hapo uso wote unabomolewa. Yaanze hayo. Kwa chakula kilichofungwa utahitaji nafasi ya jina halisi la chakula, uzito halisi bila kifungashio, viambato vyote kuanzia kilicho kingi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotengenezwa, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na namna ya kuhifadhi. Samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru watu wenye mzio, hivyo neno "samaki" lionekane wazi kwenye viambato hata kama unaona kila mtu anajua dagaa ni nini.

Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Alama ya ubora ya TBS haiwekwi kwenye lebo mpaka mteja awe amepewa leseni ya kuitumia. Mteja akisema "weka tu, nitashughulikia", acha nafasi yake wazi na usiweke. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wana ofisi ya mkoa hapa Mwanza na wamezoea kuwasaidia wasindikaji wadogo kwenye mambo ya vifungashio. Mtume mama huko mapema. Na kama ana wasiwasi na marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019, mweleze kuwa ile ililenga mifuko ya kubebea, si vifungashio vya bidhaa za chakula.

Msimbo wa mistari (barcode) una masharti yake. Namba hutolewa na GS1 Tanzania, shirika linalosimamia misimbo hiyo, na huanza na 620. Tarakimu hizo zinaonyesha namba iliandikishwa wapi, hazithibitishi bidhaa imetengenezwa wapi. Usinakili msimbo wa bidhaa nyingine eti ujaze nafasi, maana mashine ya dukani italeta jina la biskuti. Ukubwa wa kawaida wa msimbo wa tarakimu 13 ni takriban milimita 37 kwa 26, na unaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80, yaani karibu 30 kwa 21. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu usiithubutu: mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na nyekundu juu ya nyeupe zinaiona kama kitu kimoja.

Hatua ya tano: michoro midogo, mingi, ya penseli

Chukua karatasi, chora vijisanduku vya ukubwa wa kiberiti, kama ishirini hivi. Katika kila kimoja jaribu wazo moja kwa dakika mbili tatu. Vitano vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angechora: Jiwe la Bismarck, mtumbwi, jua, samaki. Vipitishe haraka vikutoke mkononi. Jiwe la Bismarck ni alama ya jiji na tunalipenda, lakini halina la kumwambia mzazi anayeogopa mchanga.

Rudi kwenye karatasi ya kazi. Jambo kuu ni kichanja. Kichanja kikoje? Ukisimama na kukitazama kutoka juu unaona wavu uliotandazwa, miraba midogo midogo, na juu yake dagaa wamelala, wembamba, wa fedha, wengine wameangalia huku na wengine kule. Hapo kuna pambo tayari: wavu na michirizi mifupi ya fedha. Pambo hilo likizunguka pakiti, linasema "hatukugusa ardhi" kabla mtu hajasoma neno lolote. Na hakuna jirani wa rafuni atakayekuwa nalo.

Kwa mpangilio, funua khanga yoyote iliyoko nyumbani uitazame kama fundi. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini ya mji, na hakuna kinachomwingilia mwenzake. Lebo inaweza kujipanga hivyo: pambo la wavu liwe pindo, jina la bidhaa likae mjini, na ujumbe mmoja mfupi usimame mahali pa jina.

Ukitaka kulisha macho zaidi, nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Ngoma za watemi zilizopo pale zina maumbo ambayo hutayapata kwenye intaneti. Angalia uwiano na namna fundi alivyojaza nafasi. Vitu vya heshima ya watemi, kabla hujavipeleka kwenye pakiti ya kitoweo, waulize wenyewe pale.

Picha za kupakua nazo zina mtego. Ukitafuta "dagaa" mtandaoni utaletewa dagaa wa Kigoma, ambao ni samaki wengine kabisa wa Ziwa Tanganyika, au hata samaki wa baharini. Wengine huishia kuweka sangara kwenye pakiti ya dagaa. Mtu wa Mwanza ataona kwa jicho moja, na atajiuliza ni kipi kingine kisicho cha kweli humo ndani. Piga picha mwenyewe: dagaa wa huyo mama, juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Jua la mchana ni la utosini, na magamba yatarudisha mwanga mpaka yawe madoa meupe.

Hatua ya sita: amua ukubwa kwa hesabu ya karatasi

Hapa kuna pesa, kwa hiyo tulia kidogo. Stika nyingi za idadi ndogo huchapwa kwenye karatasi ya A3, milimita 297 kwa 420. Mashine haichapi hadi ukingoni. Tuseme inakubali 287 kwa 410. Kila lebo inahitaji rangi izidi milimita 3 kila upande ili mkasi ukiteleza pasibaki mstari mweupe.

Ukichagua lebo ya sentimita 8 kwa 12, pamoja na ziada inakuwa milimita 86 kwa 126. Zinaingia tatu kwa upana na tatu kwa urefu: lebo 9. Ukishuka hadi sentimita 6.5 kwa 9, yaani 71 kwa 96 pamoja na ziada, zinaingia nne kwa nne: lebo 16. Kwa lebo 500 za mama, ya kwanza inakula karatasi 56, ya pili karatasi 32. Lebo yenyewe haijapungua uzuri, na kwenye pakiti ya gramu 200 ile kubwa ingezunguka pembeni na kujikunja tu. Fanya hesabu hii kabla ya kuchora, umwonyeshe mteja. Atakuamini kwa mengine pia.

Amua pia kama pakiti itakuwa na dirisha la kuonyesha dagaa wenyewe. Dirisha ni jibu zuri kwa mteja aliyezoea kuchota na kuangalia. Lakini dagaa wana mafuta, na mwanga huharakisha mafuta ya samaki kuchacha. Mimi ningeweka dirisha dogo, chini, sehemu ambayo rafuni hufunikwa na kivuli cha pakiti ya mbele.

Hatua ya saba: sasa washa kompyuta

Hapa pa haraka, maana ukifika ukiwa na yote yaliyotangulia, kazi ni siku chache. Nembo na maandishi viwe vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya nukta, ili visivurugike vikikuzwa kuwa bango la meza ya Nane Nane. Weka faili kwenye CMYK, mpangilio wa rangi nne za wino wa kuchapia, tangu mwanzo. Kijani na chungwa vinavyowaka kwenye kioo hupoa vikifika kwenye karatasi, na ni afadhali uhuzunike wewe leo kuliko mteja tarehe 25. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, zikisogea kidogo tu viambato vinasomeka kwa ukungu.

Fonti mbili zinatosha. Zile za Google Fonts zina leseni huru, zinaruhusiwa kwenye biashara. Picha itakayochapwa kwa urefu wa sentimita 9 inahitaji kama pikseli 1,063 kwa upande huo ili iwe na nukta 300 kwa inchi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na ukikata kipande chake ndipo inapoishiwa nguvu. Mwambie mama aitume kama dokumenti.

Hatua ya nane: onyesha kwa njia inayoleta jibu

Usitume picha ya lebo kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza "mnaonaje?" Utapata "safi sana", alama za moto, na shemeji mmoja anayetaka herufi za dhahabu. Chapa lebo kwa ukubwa wake halisi, hata kwa mashine ya kawaida, ibandike kwenye pakiti yenye dagaa, uende nayo kwa mama ana kwa ana. Peleka mawazo mawili, si sita.

Kisha ichukue pakiti hiyo umwonyeshe mtu asiyeijua, dukani, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, uifiche. Muulize: ulichoona ni nini? Kimekaushwaje? Unadhani kinauzwa shilingi ngapi? Akisema "biskuti", tatizo si lake. Akitaja bei iliyo mbali sana chini ya ile ya mama, lebo inaishusha bidhaa. Watu watano wa namna hiyo wanatosha kukuonyesha palipopinda.

Maoni ya mteja yaandike kwa lugha ya tatizo. Mama akisema "kuza jina la biashara", muulize anaona nini kinakosekana. Mara nyingi utagundua jina halisomeki kwa sababu limewekwa juu ya pambo, na dawa yake ni kuondoa pambo hapo nyuma, ukubwa ubaki vilevile. Kila duru ya marekebisho iishie na ujumbe wa maandishi: "Tumekubaliana haya matatu, yakibadilishwa tunaendelea." Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi ya ubunifu ni hivyo hivyo.

Hatua ya tisa: kwa mchapaji

Usitume faili na kusubiri simu. Nenda. Omba sampuli moja iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, kwa mashine ileile. Soma kila neno kwa sauti, ukianzia namba ya simu, uzito na tarehe. Mpe na mama asome. Skani msimbo wa mistari kwenye karatasi, si kwenye kioo.

Halafu fanya jaribio la mafuta. Kwa dagaa wa kukaanga ndilo litakalokuamulia aina ya stika. Chovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki chini ya sinia la dagaa, kipitishe juu ya sampuli ya karatasi na sampuli ya plastiki, zibandike kwenye pakiti mbili, uziwekee kitu kizito juu usiku kucha. Asubuhi stika ya karatasi itakuwa na doa linalopitisha mwanga, maandishi ya nyuma yakichungulia. Kwenye ya plastiki, mafuta yatafutika kwa kitambaa. Wino wa baadhi ya mashine utaondoka na kidole. Bora uone hayo Ijumaa jioni mezani kwako.

Ukiridhika, andika juu ya sampuli "imeidhinishwa", tarehe, sahihi ya mama na yako, uiache kwa mchapaji. Rangi za mzigo mzima zikija tofauti, mna kitu cha kulinganishia bila ugomvi.

Hatua ya kumi: kukabidhi

Mpe mama faili la kuchapia, faili la picha kwa ajili ya WhatsApp na Instagram, na karatasi moja yenye namba za rangi, majina ya fonti, ukubwa wa lebo na aina ya stika. Kubalianeni kwa maandishi nani ana haki ya mchoro baada ya salio kulipwa. Kama jina na nembo anataka vilindwe, aende BRELA, wakala wa usajili wa biashara, akaandikishe alama ya biashara. Kwa Tanzania Bara uandikishaji wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Tarehe za kutengenezwa na namba ya toleo usizichape pamoja na lebo. Acha kisanduku cheupe, mama agonge muhuri kila anapofunga mzigo mpya, la sivyo lebo zitakazobaki Agosti zitakuwa takataka Septemba. Kisanduku hicho kisiwe na laminesheni inayong'aa, wino wa muhuri hauishiki.

Hifadhi folda nzima sehemu mbili, moja nje ya kompyuta. Mama akirudi na dagaa wa pilipili, utafungua faili lilelile, ubadilishe rangi ya pindo, mstari wa viambato na namba ya msimbo. Itoze kama marekebisho, si kama kazi mpya, na umwambie hivyo tangu siku ya kukabidhi.